Jeshi la Akiba la Marekani waliniachisha kwa OTH sababu ya kukosa drili. Inabadilishika?

#1 Mbogo wa Muheza
Wakuu salaam. Najua humu kuna wenzetu mliovaa kombati za Marekani, naomba ushauri bila kunicheka sana.

Niliingia Jeshi la Akiba Februari 2008 nikiwa na grinkadi. Mafunzo ya awali Fort Jackson, kisha Fort Leonard Wood kujifunza udereva wa malori, 88M. Kikosi kilikuwa Minnesota. Mwaka 2012 nilihamia Texas kuendesha matrela, nikaacha kwenda drili, yale mazoezi ya wikendi ya kikosi. Machi 2013 wakaniachisha kwa amri ya ukurasa mmoja, chini imeandikwa OTH, yaani kuachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima. Sikuiba, sikumpiga mtu, sikupelekwa mahakamani.

Nimekaa nalo kimya miaka yote. Juzi nimeomba udereva wa basi la shule, fomu ikauliza niliachishwa jeshi kwa namna gani. Nikaandika ukweli. Tangu siku hiyo kimya. DD 214 yangu ya mafunzo, ile karatasi ya kumaliza kipindi cha utumishi, haina neno baya hata moja.

Sasa naulizia: hii kitu inabadilishika? Na kuna jamaa kaniambia nikichokoza faili watafika mpaka kwenye uraia wangu. Uraia niliupata 2009 kupitia hilohilo jeshi.

#2 Kijiwe Nongwa
Ngoja waje wenye ujuzi. Mimi nimekaa pembeni na kahawa yangu.

#3 Fundi Cherehani
Mkuu mbona jambo dogo. OTH ukikaa nayo miezi sita bila kufanya kosa inajigeuza yenyewe kuwa ya heshima. Niliambiwa na jamaa aliyekuwa Marini. Kaombe karatasi mpya tu.

#4 Sajenti Kipara
Fundi, hiyo ya miezi sita ni hadithi ya kambini. Nimeisikia miaka 20 niliyokaa jeshini na haijawahi kuwa kweli. Hakuna karatasi inayojigeuza. Unaomba, bodi inakaa, inakubali au inakataa.

Mbogo, kwanza jua umesimama wapi. Juu kabisa ni kuachishwa kwa heshima. Chini yake ile ya jumla, ambayo bado ni ndani ya masharti ya heshima. Kisha OTH, mbaya kuliko zote zinazotolewa kwa njia ya utawala. Mbili za chini yake, ya mwenendo mbaya na ya fedheha, hutoka mahakama ya kijeshi. Kwa hiyo wewe si wa fedheha, na mtu asikuite hivyo.

Ombi ni fomu DD 293, inakwenda kwa Bodi ya Mapitio ya Jeshi la Nchi Kavu. Unayo miaka 15 tangu tarehe ya kuachishwa, maana yake mlango wako unafungwa Machi 2028. Ukichelewa unahamia DD 149, ya bodi ya kurekebisha kumbukumbu. Ile muda wake ni miaka 3 tangu ugundue kosa, ila wanaweza kuusamehe wakiona haki inadai. Zote mbili hulipi senti.

Niambie: ulikosa drili ngapi, na barua walikuwa wanatuma wapi?

#5 Mbogo wa Muheza
Asante Sajenti. Idadi sikumbuki, kuanzia Mei 2012 sikurudi kabisa. Barua sikuona hata moja. Amri yenyewe aliiokota rafiki niliyekuwa nakaa naye Minneapolis, kwenye rundo la barua pale kwake, akanipiga picha.

#6 Mama Zuhura
Hapo kwenye barua ndipo pa kukazia. Nasema kwa yaliyomkuta mdogo wangu.

Kwa askari wa akiba, ukikosa vipindi 9 bila ruhusa ndani ya mwaka mmoja unahesabiwa mshiriki asiyeridhisha. Wikendi moja ya kawaida ni vipindi 4. Piga hesabu: wikendi mbili na asubuhi moja, umeshaingia. Watu wanadhani ni kosa la miaka, kumbe ni la miezi mitatu. Lakini kikosi nacho kina kazi yake. Kinatakiwa kikuandikie unapokosa, na faili liwe na uthibitisho wa posta. Na kabla ya kukupa OTH unatakiwa upewe nafasi ya kusikilizwa na bodi. Usipojibu ile taarifa, wanaandika kwamba umeiacha haki yako mwenyewe.

Faili la mdogo wangu lilikuwa na bahasha tatu zilizorudi. Zote zimeandikwa nyumba 14. Yeye alikaa 41 na ndivyo alivyojaza kwenye fomu zao. Bodi ikampandisha kuwa ya jumla.

#7 Sajenti Kipara
Dada Zuhura uko sawa, ila tusimpe matumaini ya bure. Kumjulisha kamanda anwani mpya ni wajibu wa askari. Na bodi inaanza na dhana kwamba serikali ilifanya kazi yake sawasawa, mzigo wa kuonyesha kinyume uko mgongoni kwako. Mdogo wako alikuwa na namba iliyokosewa na wao. Mbogo kahama Minnesota mpaka Texas. Alimwambia nani?

#8 Mama Zuhura
Mimi si dada yako, nina wajukuu wanne. Na swali umeliuliza vizuri, mwache Mbogo alijibu.

#9 Sajenti Kipara
Shikamoo mama. Nimekoma.

#10 Mbogo wa Muheza
Sikumwambia mtu. Nilimtumia sajenti wangu ujumbe wa simu kwamba nasafiri. Hakujibu na simu ile sinayo tena.

#11 Kijiwe Nongwa
Yaani Marekani nzima na setilaiti zake wanamtafuta askari kwa bahasha? Mgambo wetu Handeni ukikosa gwaride mara mbili anakuja mtu na baiskeli mpaka shambani. Na anakukuta.

#12 Jaduong Tacoma
Hiyo ya baiskeli imeniua 😂

Wazee, kitu kimoja. Mimi nilikuwa Gadi ya Taifa, si Riziavu (Jeshi la Akiba), na watu wanachanganya. Sisi tuko chini ya jimbo, karatasi yetu ya kutoka ni NGB 22, na kama kuna kosa unaanza kubisha makao makuu ya jimbo lako kabla ya kukimbilia Washington. Mbogo hayo hayamhusu, lakini najua kuna Mkenya anasoma hapa akitaka kucopy.

Kingine cha askari wa akiba ambacho wengi hawajui: makosa uliyofanya uraiani, siku ambazo hukuwa kazini, hayawezi kukupatia OTH mpaka yawe yameathiri moja kwa moja kazi yako ya jeshi. Kuna kijana wa kwetu walimwachisha kwa kesi ya bar fulani ya Jumanne usiku. Wakili wake alisimama hapo tu, hakusogea.

#13 Fundi Cherehani
Sawa nimekosea miezi sita. Lakini si amesema DD 214 yake ni safi? Ampe mwajiri hiyo, amri ya ukurasa mmoja aifungie sandukuni. Nani atajua?

#14 Karani Mstaafu
Fundi, usimpeleke mwenzio jela. Fomu za kazi za serikali anazitia saini kwamba ni kweli.

DD 214 ya mafunzo inasema habari za kipindi kile cha mafunzo basi. Askari wa akiba anaweza kuwa na DD 214 tatu nne, kila moja na neno lake, kisha amri ya mwisho ya kuachishwa ikawa na neno lingine kabisa. Ndiyo maana kwenye DD 293 Mbogo ataandika tarehe ya ile amri ya Machi 2013, si tarehe ya DD 214. Nimeona maombi yakirudi kwa sababu mtu kaambatisha karatasi isiyohusika.

Mbogo, nikuulize kwa makusudi. Hiyo DD 214 ni moja tu? Hukuwahi kuitwa kazini?

#15 Mbogo wa Muheza
Ziko mbili. Ya pili ni ya Kuwait, Novemba 2010 mpaka Oktoba 2011. Sikuitaja kwa sababu ilikwisha vizuri, wameandika ya heshima.

#16 Sajenti Kipara
Mbogo! Posti kumi na tano umeficha ng'ombe kwenye mfuko wa shati! Kuwait ulikuwa unafanya nini?

#17 Mbogo wa Muheza
Udereva. Tunapakia Camp Arifjan, tunavuka mpaka kuingia Iraq, safari nyingi za usiku, barabara ile wanaiita Tampa. Ilikuwa miezi ya mwisho, vitu vinarudishwa vyote. Usiku mmoja lori la tatu mbele yangu lilipigwa. Sitaeleza zaidi hapa.

Niliporudi nilikuwa silali. Nikilala nasikia redio ya msafara. Aprili 2012 mama akafariki, nikaenda Muheza kuzika. Nikarudi, nikaenda drili moja, nikakaa kwenye gari nje ya jengo kama saa nzima halafu nikaondoka. Mle ndani mazungumzo yote yalikuwa ya kule. Texas nilikwenda kwa sababu trela unakuwa peke yako.

#18 Mutoto wa Bukavu
Pole sana ndugu. Siye tulitoka vita tukiwa raia, na hata sasa pikipiki ikipiga mlio karibu na miye nainama. Usione haya.

#19 Kijiwe Nongwa
Pole mkuu. Utani naweka kando kidogo.

#20 Mama Zuhura
Mwanangu, ulipoanza uliandika "nikaacha kwenda drili". Ungetuma ombi lenye maneno hayo matatu ungekataliwa na mimi mwenyewe ningewaelewa.

Soma nyaraka tatu za Pentagoni. Wa Septemba 2014 wa Waziri Hagel, uliowaambia bodi za kurekebisha kumbukumbu wawaangalie kwa upole askari wenye majeraha ya akili ya vita. Wa Agosti 2017, wanauita wa Kurta, uliopanua: msongo wa baada ya kiwewe, jeraha la ubongo, waliobakwa au kunyanyaswa kijinsia jeshini. Na wa Julai 2018, wa Wilkie, unaozungumzia huruma kwa jumla hata pasipo ugonjwa: umeishije tangu ulipotoka, kosa lilikuwa zito kiasi gani, muda uliopita.

Ule wa 2017 una maswali manne na ombi lako liyajibu kwa mpangilio huohuo. Ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza lawama? Lilikuwepo ukiwa jeshini? Kweli linaeleza ulichokifanya? Na je, lina uzito kuliko kosa lenyewe? Kile kisa cha kukaa kwenye gari saa nzima ndicho jibu la swali la tatu.

#21 Jaduong Tacoma
Mama heshima yako, lakini hapo ndipo wengi huanguka. Hakuenda kwa daktari 2012. Hakuna karatasi ya hospitali. Bodi watasema hadithi imetungwa miaka kumi baadaye.

#22 Mama Zuhura
Waraka wenyewe unasema ushahidi wa askari mwenyewe, kwa mdomo au kwa maandishi, unaweza kutosha kuonyesha kwamba hali ilikuwepo. "Unaweza", sijasema "lazima". Ndiyo maana aende akapimwe sasa, na mke au mtu aliyekaa naye aandike alichokiona. Aliyelala chumba cha pili anajua kama mtu alikuwa halali.

#23 Karani Mstaafu
Ninyi mnakimbilia bodi. Mimi nauliza, Mbogo anataka nini hasa?

Idara ya Maveterani haifungwi na neno la amri ya mwisho peke yake. Inaangalia kila kipindi cha utumishi kivyake. Ule mwaka wa Kuwait aliitwa kazini, akaumaliza kwa heshima, ana DD 214. Kwa kipindi hicho anaweza kuomba matibabu na fidia ya ulemavu leo hii, amri ya 2013 ikiwa hapohapo ilipo. Miaka yote hii amekaa akidhani mlango umefungwa. Hata mwenye OTH mtupu, kama alikaa zaidi ya siku 100 na alikuwa eneo la mapigano, kuna sheria inayomfungulia huduma ya afya ya akili.

Na ada ya masomo, ile ya baada ya 9/11, kwa aliyemaliza kipindi chake kabla ya tarehe 1 Januari 2013 ina ukomo wa miaka 15. Kuwait uliondoka Oktoba 2011. Hesabu mwenyewe, na uende wiki hii.

#24 Mbogo wa Muheza
Sikujua. Kwa kweli sikujua. Nimekuwa nalipa daktari wa usingizi mfukoni mwangu.

#25 Sajenti Kipara
Karani yuko sawa kwa matibabu, ila kazi ya basi la shule haikuulizwa na Idara ya Maveterani. Mwajiri anasoma neno. Neno halibadiliki mpaka bodi ibadilishe. Kwa hiyo afanye yote mawili.

Wasiwasi wangu ni mwingine. Mama anamwambia aseme barua hazikufika. Tena anamwambia aseme aliumwa. Akiniletea mimi mezani nitamuuliza: wewe hukwenda kwa sababu hukujua, au hukwenda kwa sababu uliumwa? Chagua.

#26 Mama Zuhura
Hachagui. Bodi ina mizani miwili. Mmoja ni wa uhalali: kanuni zilifuatwa? Mwingine ni wa uadilifu: hata kama zilifuatwa, adhabu ilistahili? Hakwenda kwa sababu aliumwa. Hakujitetea kwa sababu barua hazikufika. Hayo ni maswali mawili, Sajenti.

#27 Sajenti Kipara
Kwenye karatasi ndiyo. Kwenye kikao chenye watu watano, wawili wakiwa makanali, nimeona mtu akipigwa maswali mpaka hoja zote mbili zikachanganyika. Mimi ningebeba ugonjwa peke yake. Na akishapata daktari wa kuandika, kuna faida: aliyepelekwa vitani akapimwa kuwa na msongo huo, bodi yake lazima iwe na daktari au mwanasaikolojia ndani. Hao wanaelewa kukaa kwenye gari.

#28 Wambui 09L
Hamjambo. Mimi niliingia kwa ile njia ya lugha, MAVNI, ambapo Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Baadaye wakafunga kuingiza wapya 2016, na wenzangu wengi wakaachishwa kabla hata hawajaona Fort Jackson, karatasi haina sifa yoyote, si nzuri si mbaya. Uhamiaji wakaitumia hiyo kuwanyima uraia, wakisema kisicho na sifa si cha heshima. Kwa hivyo msidharau swali la Mbogo la uraia, hakuna aliyelijibu.

Sheria ni hii. Aliyepata uraia kwa utumishi wa jeshi kuanzia tarehe 24 Novemba 2003 anaweza kunyang'anywa akiachishwa chini ya hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima. Mbogo: Februari 2008 hadi Machi 2013. Miaka 5 na mwezi. Umepita kwa kidole.

#29 Jaduong Tacoma
Wambui soma tena ulichoandika. Miaka 5 ya utumishi *wa heshima*. Tangu Mei 2012 jamaa hakuwa anaenda. Hiyo itahesabika heshima? Ukikata hapo ana miaka 4 na miezi kadhaa.

#30 Wambui 09L
Alikuwa bado kwenye orodha ya kikosi na hajaondolewa. Sheria haisemi utoe miezi uliyokosa drili.

#31 Jaduong Tacoma
Haisemi uiweke pia.

#32 Fundi Cherehani
Basi aache kabisa. Ukimwamsha aliyelala utalala wewe.

#33 Karani Mstaafu
Jamani polepole. Kunyang'anya uraia si kazi ya bodi ya jeshi, ni mpaka serikali ifungue kesi mahakama ya shirikisho. Na bodi ya mapitio haina ruhusa ya kukushusha chini ya ulipo. Inakupandisha au inakuacha. Kwangu mimi hofu ya uraia ndiyo sababu ya *kuomba*, kwa maana akipata hata ile ya jumla, hiyo iko ndani ya masharti ya heshima na hoja ya miaka 5 inakosa pa kushika.

#34 Jaduong Tacoma
Au anawapelekea faili mezani wakati lilikuwa limelala kabatini. Kwa hali ya siku hizi mimi ningemwona wakili wa uhamiaji kwanza, ndiyo nijaze fomu.

#35 Wambui 09L
Kwa hilo tunakubaliana mzee.

#36 Babu wa Songea
Vijana, haya mambo ya neno moja kwenye karatasi hayakuanza jana. Mwaka 1906 huko Brownsville, Texas, askari weusi 167 wa kikosi cha 25 waliachishwa bila heshima kwa amri ya Rais Roosevelt, kwa tuhuma za kupiga risasi mjini. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa. Jeshi likaja kusafisha majina yao mwaka 1972. Wengi walishakufa. Aliyebaki kupokea fidia, dola 25,000, alikuwa mzee Dorsie Willis, amekula uzee wake kwa kung'arisha viatu. Unajua aliishi wapi? Minneapolis, kwa Mbogo hukohuko.

Baba yangu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, alirudi kutoka Burma na kijitabu chake. Kulikuwa na mstari wa tabia, wameandika nzuri sana. Kijitabu kilikaa kwenye bati la biskuti mpaka mchwa wakakila, na alilalamika juu ya wale mchwa kuliko alivyolalamika juu ya Wajapani.

#37 Fundi Cherehani
Babu hiyo ya Brownsville mbona Rais Carter alishawasamehe wote 1977?

#38 Babu wa Songea
Unachanganya mafaili. Carter 1977 aliwasamehe waliokwepa kuandikishwa wakati wa Vietnam. Walioachishwa vibaya aliwawekea mpango wa pekee wa mapitio, wakapandishwa, halafu mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria kwamba kupandishwa kwa mpango ule peke yake hakuwapi mafao. Brownsville ni mambo ya 1972.

#39 Karani Mstaafu
Kweli kabisa, na usisahau karatasi za bluu, zilizokuwapo mpaka 1947. Si za heshima, si za fedheha, rangi tu, na waliopewa kwa wingi ni weusi na waliotuhumiwa ushoga. Mwajiri akiona bluu anajua.

#40 Kijiwe Nongwa
Uzi wa Mbogo umekuwa somo la historia. Mwalimu, kipindi kinaisha saa ngapi?

#41 Mutoto wa Bukavu
Miye nauliza ya pesa. Kuna mutu hapa kwetu Ohio anaomba dola 3,500 "akufungulie faili". Ni kweli?

#42 Mama Zuhura
Usimpe. Mimi nilimpa mmoja wa aina hiyo mwanzoni, akanirudishia fomu ya kurasa chache iliyojazwa jina na tarehe basi. Sehemu ya maelezo kaandika "naomba huruma". Vyama vya maveterani wanasaidia bure, na vyuo vya sheria vingi vina kliniki za kazi hii. Na maamuzi ya zamani ya bodi yamewekwa mtandaoni majina yakiwa yamefutwa. Tafuta ya askari wa akiba waliokosa drili, usome bodi ilisema nini kwa waliofaulu. Mimi nilisoma kama sitini kabla ya kuandika ya mdogo wangu. Usingizi ulikuwa haupo.

#43 Fundi Cherehani
Inachukua muda gani jumla?

#44 Mama Zuhura
Yetu miezi 14. Tulianza na mapitio ya karatasi. Ukikataliwa hapo bado unaweza kuomba kusikilizwa wewe mwenyewe, ilimradi uwe ndani ya ile miaka 15. Ndiyo maana usingoje Februari 2028.

#45 Mbogo wa Muheza
Wakuu nimerudi baada ya wiki saba. Mambo matatu.

Idara ya Maveterani nimekwenda na DD 214 ya Kuwait. Binti wa mapokezi aliisoma, akaniandikisha, hata swali la 2013 hakuuliza. Daktari naanza naye mwezi ujao. Karani Mungu akuweke.

Wakili wa uhamiaji nimemwona. Amesema kama Wambui, halafu akasema kama Jaduong, halafu akanitoza dola 150.

Faili limefika. Barua ni nne. Tatu za kwanza zilirudi na mhuri wa posta kwamba hazikuchukuliwa. Ya nne ndiyo ile taarifa ya haki ya kusikilizwa, na ina kadi ya posta yenye saini ya aliyepokea. Saini si yangu.

#46 Sajenti Kipara
Ni ya nani?

#47 Mbogo wa Muheza
Inafanana na ya yule rafiki wa Minneapolis. Nimempigia, anasema hakumbuki kusaini kitu, lakini wakati ule alikuwa anasaini kila kitu kinachokuja mlangoni.

#48 Sajenti Kipara
Basi ni mbaya kwako. Imepokelewa kwenye anwani uliyotoa mwenyewe.

#49 Mama Zuhura
Ni nzuri kwake. Haikupokelewa na mtu waliyetaka kumwachisha. Mwambie huyo rafiki aandike hayohayo kwa mkono wake, aweke tarehe na saini. Saini ile mpya ilinganishwe na ya kwenye kadi.

#50 Kijiwe Nongwa
Rafiki ni huyuhuyu aliyeokota amri kwenye rundo? Huyo ndiye alikuwa posta nzima ya Minnesota. Kahawa imeisha, nachemsha nyingine.

#51 Karani Mstaafu
Mbogo, mhuri wa barua ya nne ni wa tarehe ngapi, na amri ni ya tarehe ngapi? Walitakiwa wakupe siku 30 za kujibu.

#52 Mbogo wa Muheza
Kadi imesainiwa tarehe 6 Februari. Amri ni ya tarehe 5 Machi.

#53 Jaduong Tacoma
Februari 2013 ilikuwa na siku 28. Nimehesabu kwa vidole mara mbili. Ni siku 27.

#54 Sajenti Kipara
Subiri. Tarehe ya amri kuandikwa au tarehe ya amri kuanza kazi? Hizo huwa ni mistari miwili tofauti kwenye ukurasa uleule. Piga picha, ziba jina, weka hapa.

#55 Mbogo wa Muheza
Niko barabarani Amarillo na mzigo. Nikifika nyumbani Ijumaa nitaweka.

#56 Jaduong Tacoma
Tukingoja Ijumaa, na mimi niliyepoteza NGB 22 kwenye mafuriko ya besimenti, naiomba kwa nani, jimbo au St. Louis kwenye kumbukumbu za jeshi?